Mkwe, Mvua na Spika Zangu

9 Machi, Jumatatu

Mvua imeanza jana na leo wamekuja: binti yangu, mumewe, magodoro mawili yaliyolowa, kompyuta iliyofungwa kwenye shuka na sanduku la plastiki lililojaa nyaya. Chumba walichopanga kimeingia maji hadi magotini. Nimewapa chumba cha nyuma. Nimesema mlangoni, kabla hawajavua viatu, kwamba mvua zikikatika kila mtu na kwake. Binti amecheka. Mumewe ameinama, "Shikamoo Mama. Ahsante sana Mama." Ana adabu nyingi mno mkwe huyu. Kazi yake ni kufunga kompyuta kwenye ofisi za watu, na nyumbani kwangu hakuna ofisi.

10 Machi

Mwalimu wa kwaya amekuja na mwavuli uliopinduka na kazi yake mfukoni. Nilitegemea kanda. Ametoa flashi yenye ukubwa wa ukucha wa dole gumba, akaniwekea kiganjani kama anayenipa kidonge.

"Nyimbo zote kumi na mbili zimo humo, Fundi."

"Humu?"

"Humo humo."

Kwaya yake ina miaka ishirini na haijawahi kurekodi. Ina kina mama wawili wa sauti ya kwanza ambao mwakani, alisema kwa upole, huenda wasiweze tena kupanda ngazi za ukumbi. Kwa hiyo ni mwaka huu au basi. Walimshauri apeleke kwa vijana wenye studio za kisasa, akakataa, akasema anataka sikio la Studio Namba Mbili. Sikulia, ila niligeuka nikatazama dirishani. Miaka thelathini na moja nilikaa kwenye meza ya kuchanganya sauti redioni, katika studio hiyo. Wakurugenzi walikuja wakaondoka, mimi nikabaki na vitufe vyangu. Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani, haikufika Krismasi.

Kazi iwe tayari mvua zikikatika, mwanzoni mwa Mei. Ikiharibika, kwaya haina mwaka mwingine, na jina langu nalo halina. Ndiyo maana naandika. Kila kazi niliyowahi kufanya niliiandikia daftari: siku, hali ya hewa, kilichosikika.

Tatizo ni kwamba amplifaya yangu haina tundu la ukucha. Tukiwa tunaliwaza hilo Mkwe akachungulia. "Mama, ukiruhusu, nyimbo nitaziweka kwenye kompyuta yangu kule chumbani, zije hapa kwenye spika zako zenyewe. Bila waya."

"Zitakujaje?"

"Zinapita hewani, Mama."

"Hewani nimefanya kazi miaka thelathini na moja, mkwe wangu. Huko ndiko sauti zinakoharibikia."

Akatabasamu kwa adabu. Kuanzia leo, katika daftari hili, ataitwa Bilawaya.

12 Machi

Amefunga kisanduku cheusi, kidogo kuliko kipande cha sabuni, nyuma ya amplifaya yangu. Kina taa ya bluu inayonikonyeza. Kabla hajawasha nilimwambia asubiri, nikaweka kwanza kanda yangu ya funguo.

Nieleze, maana daftari hili litanizidi umri. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilishika shada la funguo za studio, nikalitikisa hatua moja kutoka kwenye kipaza sauti, nikalirekodi. Kila spika niliyowahi kuikagua nimeikagua kwa kanda hiyo. Sauti za chini hata ngoma ya kopo inazitoa. Spika mbovu hujulikana kwa za juu, na hakuna cha juu kama funguo. Leo zimelia vilevile, ncha kwa ncha.

Halafu akaleta za kwake kwa njia ya hewa. Wimbo wa kwanza wa kwaya. Chini kumenona, katikati sawa, juu hakuna kitu. Kila "s" imelala usingizi.

"Sauti butu," nikasema.

"Butu, Mama?"

"Kisu cha kupakia siagi."

Akatazama simu yake, anayoiendeshea ile kompyuta akiwa huku sebuleni, akatazama spika. "Mama, muziki ukipita hewani unapita kama hesabu. Hesabu ama imefika ama haijafika. Haifiki nusu."

"Mimi nakueleza ninachosikia, wewe unanieleza hesabu."

Binti akaingia na chai.

14 Machi

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Hata mvua yenyewe siku hizi haina kelele. Zamani bati lilikuwa linachapwa. Sasa ni kama mtu anamwaga mchanga juu ya blanketi. Kila kitu kimepungua ubora.

17 Machi

Birika langu la filimbi limeungua. Limekaukia jikoni mpaka limekuwa jeusi. Nilikuwa sebuleni, hatua sita, na filimbi sikuisikia, maana yake haikulia, maana yake kuna mtu aliliacha mdomo wazi. Nilimuuliza Bilawaya. Binti akataka kusema neno, yeye akamgusa mkono. "Samahani Mama. Nitatafuta jingine." Hakukana. Asiyekana ana lake.

20 Machi

Vijana niliowafundisha kazi niliwakaririsha: ukitafuta hitilafu, fuata mnyororo. Kipaza, waya, meza, amplifaya, spika. Kiungo kimoja kimoja, wala usimtuhumu mtu mpaka viungo viishe. Basi nimeanza na hewa. Nimemwamuru Bilawaya atandike waya halisi kutoka kompyuta ya chumbani hadi amplifaya. Ameupitisha kandokando ya dari, ameupigilia kila hatua, umenyooka kama amechora kwa rula. Tukasikiliza.

Butu.

Kwa hiyo si hewa. Ni kompyuta. Nimemwambia, akasema, "Inawezekana, Mama," kwa sauti ya mtu anayejua haiwezekani. Kisha akaurudisha muziki hewani, kwa sababu waya ulikuwa unazuia mlango wa choo.

22 Machi

Mvua. Butu.

25 Machi

Leo kazi imekwenda. Nimewapanga waimbaji mmoja mmoja, wale kina mama wawili nimewaweka katikati, mmoja kushoto kidogo, mwingine kulia kidogo, ili ukifumba macho uwaone wameketi benchi moja. Sauti ya nne nimeirudisha nyuma, ilikuwa inasukuma watu. Nasema "mpunguze huyu", Bilawaya anasogeza kidole kwenye simu, na yule anapungua. Ana mkono mwepesi. Naliandika hilo kwa sababu daftari ni la kuandika yanayoonekana. Nilipowapata wale kina mama mahali pao alisema polepole, "Mama, hii mimi nisingeiweza." Sifa za mkwe ni kama kikohozi cha mgeni, unasubiri aseme anachotaka.

28 Machi

Na ndicho hiki. Ameomba kufungua spika zangu.

"Ungeniruhusu tu nizitazame ndani, Mama. Dakika kumi."

Spika hizi mbao zake alizichonga marehemu mume wangu, nyaya zake nimezilehemu mimi, kwenye meza ileile anayolia chakula. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba nilikuwa nalehemu kabla mama yake hajajua atazaa, kwamba mtoto wa jana hanifundishi kiungo kipi kimekufa kwenye mnyororo wangu, na kwamba akitaka kufungua kitu afungue kile kikompyuta chake akifagie. Niliongea mpaka nikaishiwa pumzi. Yeye alisimama mikono nyuma mpaka nikamaliza. "Nimekuelewa, Mama." Angalau angenuna. Mtu asiyenuna hujui umempiga wapi.

30 Machi

Mvua. Butu. Binti hasemi nami isipokuwa kuhusu chumvi.

2 Aprili

Nimeshinda kwa dada yangu, mguu wake umevimba tena. Jioni nimesikiliza nyimbo mbili. Sauti butu vilevile. Hakuna kilichobadilika.

3 Aprili

Leo Bilawaya alikaa sebuleni tangu asubuhi, na nilipowasha alikuwa ananitazama mimi, hazitazami spika.

"Mama, leo unaionaje sauti?"

"Butu."

"Haijabadilika hata kidogo?"

"Wewe ulitaka ibadilikeje?"

Akakaa kitini bila kukaribishwa. Ni mara ya kwanza tangu aje. Akakaa hivyo, simu mkononi, wimbo ukaisha na mwingine ukaanza, mpaka Binti aliyekuwa akikunja nguo akaziba sikio moja kwa kiganja na kusema kichwa kinamuuma. Wanapendana mno hawa, hata maradhi wanagawana.

4 Aprili

Jirani ameniita ukutani. "Shoga, hicho kinacholia kwako kama paka kwenye bati ni nini?" Nikamwambia ni kompyuta ya mkwe wangu. "Muondoe basi," akasema. Nikamwambia mvua zikikatika.

7 Aprili

Nimechoka kungoja. Kama kompyuta inakula sauti za juu, dawa yake ni kuilisha zaidi ya inavyokula. Ndivyo tulivyofanya redioni mitambo ilipozeeka. Nimemkalisha Bilawaya mbele yangu.

"Ongeza za juu."

Akaongeza.

"Zaidi."

"Mama, hapa naona inatosha."

"Nimekuuliza?"

Akaongeza. Kidogo, kwa mbali, "s" moja ikageuka usingizini. "Zaidi."

"Mama, masikio ya watu..."

"Masikio ya watu yamekaa Studio Namba Mbili?"

"Hapana, Mama."

"Basi zaidi."

Binti akatoka nje kwenye mvua, akasimama chini ya ukingo wa paa akikumbatia mabega yake. Nikamwona dirishani na hasira zikanipanda. Nimemsomesha binti huyu kwa masikio haya, leo anakimbia kazi yangu kama moshi. Bilawaya hakukimbia. Alikaa palepale macho yakimtoka machozi, na kila niliposema zaidi, akaongeza.

11 Aprili

Tumefika. Leo nimesikia "s" zote, nyembamba na safi, tangu wimbo wa kwanza hadi wa kumi na mbili. Nimeishinda kompyuta yake kwa akili ya kizamani. Nilimwambia hivyo, akasema, "Hongera, Mama," na akaenda kulala saa kumi jioni.

15 Aprili

Mvua.

18 Aprili

Mvua. Ukuta wa jikoni umeota ukungu. Bilawaya ameusugua bila kuambiwa. Anatafuta kuongezewa mwezi.

22 Aprili

Kazi imekwenda kwa Mwalimu. Nimelala mchana kama mtoto.

25 Aprili, Jumamosi

Nitaandika yote.

Mwalimu alikuja saa nne asubuhi. Sikumsikia akibisha hodi, nilimkuta amesimama mlangoni analowa. Alikuwa na flashi yake kiganjani na hakutaka chai. Asiyetaka chai kwangu amekuja na msiba au lawama.

"Fundi," alisema, "sijui nikuambieje."

"Niambie tu."

"Tuliwasikilizisha kina mama. Wimbo wa kwanza walivumilia. Wa pili, mmoja akaomba atolewe chumbani. Kila penye 's' panakata kama wembe. Kila penye 'sh' ni kama bati linaburuzwa. Sauti za watu zimekaa vizuri, sijawahi kusikia zimekaa hivyo, lakini hapasikiliziki, Fundi. Nyimbo hazisikiliziki."

Nikamwambia si kweli. Nikamwita Bilawaya awashe. Wimbo wa kwanza ukaja kwenye spika zangu, safi, wale kina mama wawili kwenye benchi lao. Nikageuka kumwonyesha Mwalimu. Alikuwa amekunja uso, bega moja limepanda hadi sikioni. Binti alikuwa amefumba macho. Bilawaya alikuwa anatazama sakafu.

"Zima," alisema Mwalimu. "Tafadhali."

"Mimi nasikia vizuri," nikasema. Mvua ikaendelea, ile ya mchanga na blanketi.

Hapo nikakumbuka kila kitu kwa mpigo: kisanduku cheusi, birika, ombi la kufungua spika zangu. Nikanyoosha kidole. "Ni huyu. Kazi ilitoka kwangu ikiwa safi. Ni huyu na kompyuta yake."

Na yeye, bila hata kuinua macho, akasema, "Ni kweli, Mwalimu. Nilikosea mimi wakati wa kuihamisha. Mama hana kosa."

Umesikia? Mbele ya shahidi, kwa mdomo wake. Wiki sita na zaidi anakula wali wangu na kuniamkia asubuhi na jioni, kumbe anaharibu kazi ya watu waliongoja miaka ishirini. Nilimwambia atoke. Nilimwambia atoke na kompyuta yake, na nyaya zake, na adabu zake, atoke leo, mvua ikatike isikatike. Nilimwita maneno ambayo Mwalimu hakustahili kuyasikia, na Mwalimu akachukua mwavuli wake akaondoka bila kuaga, akisema tu kwamba ana wiki mbili na hajui afanye nini.

Binti hakupiga kelele. Alikunja nguo. Mlangoni, na mfuko begani, alisimama.

"Mama, unajua unalolifanya?"

"Najua."

"Siku ukitaka kujua kwa nini anakunyamazia, unipigie."

"Ananinyamazia kwa sababu hana la kusema."

"Haya, Mama."

Bilawaya alitoka wa mwisho. Alikuwa amebeba kompyuta kifuani, ameifunika kwa koti lake, yeye mwenyewe shati tu. "Kwaheri, Mama." Kisanduku cha taa ya bluu amekiacha. Nadhani amekisahau.

26 Aprili

Mvua.

27 Aprili

Mvua. Sijawasha kitu.

28 Aprili

Nilisema viungo viishe ndipo umtuhumu mtu, nami nimemtuhumu mtu na kiungo kimoja sijakigusa. Asubuhi nikachukua bisibisi nikafungue spika, kutafuta alichokiharibu. Nilikuwa na hakika. Nilishaandaa hata maneno ya kumwambia Mwalimu.

Skrubu nane. Nilipotoa ya tatu nikajua zimeshafunguliwa karibuni, hazikuwa na kutu. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikatoa mgongo wa spika.

Ndani kulikuwa kumefagiliwa. Sifongo imerudishwa mahali pake vizuri. Na pale juu, penye twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, palikuwa na twita mpya. Nyaya zake zimelehemiwa, na lehemu yenyewe ilikuwa mviringo, inang'aa kama tone la maji, vile nilivyokuwa nawafokea wanafunzi wangu wafanye na hawakufanya. Chini, pembeni, kulikuwa na kifurushi cha gazeti kimefungwa kwa mpira. Twita zangu mbili za zamani, na karatasi kwa mwandiko wake: *Twita za Mama. Zimeungua zote mbili, siku nyingi. Nimebadilisha tarehe 2 Aprili. Zisitupwe, ni za marehemu Baba.*

Nikazipima kwa mita. Mshale haukutikisika. Nikapima mpya, mshale ukaruka.

Kwanza nilishangilia. Kumbe. Ameniwekea twita kali, ndiyo maana watu wanaziba masikio. Ushahidi huo hapa. Nikaja mezani kuuandika, na ili niuandike vizuri nikarudi nyuma kwenye daftari nitazame tarehe 2 Aprili nilisikia nini.

Nilisikia hivi: *Sauti butu vilevile. Hakuna kilichobadilika.*

Nimekaa na sentensi hiyo mpaka chai ikapoa. Spika iliyokuwa bubu juu ilipewa mdomo mpya asubuhi, na jioni yake mimi, sikio la Studio Namba Mbili, nikaandika kwa mkono wangu kwamba hakuna kilichobadilika. Kesho yake Binti akaziba sikio. Keshokutwa jirani akasikia paka. Nikafunua nyuma zaidi. Birika, hatua sita. Mvua ya mchanga. Daftari lote linanisema, na nimeliandika mwenyewe.

Nikachukua funguo za nyumba nikazitikisa karibu na sikio. Zilinigonga kama vijiti. Nikaweka kanda yangu: zikalia kali, ncha kwa ncha. Kanda haiwezi kuzishinda funguo zenyewe. Zile sikuwa nazisikia, nilikuwa nazikumbuka.

Kipaza, waya, meza, amplifaya, spika. Nimefundisha watu viungo vitano maisha yangu yote. Kuna cha sita, nami nilikuwa nimekibeba kichwani.

Nimeaibika. Sina neno jingine la kuliweka hapa. Nina hasira na masikio yangu na nina hasira naye zaidi, kwa kuniacha niaibike peke yangu na mwandiko wangu.

29 Aprili

Nimepiga simu mara tatu nikakata.

30 Aprili

Nimekwenda. Wako kwa rafiki yake, chumba kimoja, pazia katikati, ndoo mbili zikikinga maji. Nilifika nimelowa na nikakataa kukaa.

"Ulijua lini?" nikamuuliza.

"Tarehe tatu, Mama. Jioni ile ulikuwa umechoka, nikadhani asubuhi ukiwasha utafurahi. Ulipotaka kujua nilitaka ibadilikeje, nikajua."

"Ukanyamaza."

"Ningesemaje? Mkwe anamwambiaje mama mkwe wake..." Hakumalizia.

"Ungesema."

"Niliomba nifungue spika tu, ukaniita mtoto wa jana."

"Wewe ni mtoto wa jana."

"Ndiyo, Mama."

Binti akacheka kwa pua. Nikamgeukia. "Na wewe?"

"Mimi nilitaka kusema tangu birika. Yeye akasema usimvunjie mama yako kitu alichobaki nacho."

Hilo liliniuma kuliko yote, kwa sababu ndilo hasa. Nikamwambia mkwe wangu ukweli wangu, na sijutii. Nikamwambia adabu yake imeoana na kiburi changu, wakazaa nyimbo zinazowatoa kina mama wazee chumbani. Nikamwambia kunidanganyia Mwalimu mbele yangu ni kunifanya mtoto. Nikamwambia angekuwa mwanafunzi wangu ningemfukuza kwa kuongeza pale alipojua panatosha. Alisikiliza mikono nyuma. Halafu, mara ya kwanza, akanijibu.

"Na mimi ningekuwa mwalimu wako, Mama, ningekufukuza kwa kutosikiliza."

Ndoo zikaendelea kudondokewa. Binti alishika pazia.

"Sasa ndiyo unaongea," nikasema, nikakaa.

Kazi ya kwaya haijafa. Amehifadhi nakala ya tarehe sita, siku moja kabla ya "zaidi" yangu ya kwanza. Watu wote wako mahali nilipowaweka, na huko juu bado hajaguswa mtu.

3 Mei

Wamerudi. Mwalimu ameitwa. Nimemwambia mbele ya wote kwamba nyimbo niliziharibu mimi, na kwamba huyu alibeba kosa lisilo lake. Nimemwambia na sababu. Mwalimu akauliza sasa nani atamaliza. Nikaonyesha kwa kidole kilekile.

"Watu nimewapanga mimi. Huko juu ni kwa huyu. Akisema inatosha, inatosha."

Binti ameniwekea siku kwa daktari wa masikio. Nitakwenda, nione kama naye atanieleza hesabu.

6 Mei

Mawingu bila mvua. Kazi imekwenda kwa Mwalimu. Jioni ametuma ujumbe: kina mama wamesikiliza zote kumi na mbili, kisha wameomba zirudiwe.

9 Mei

Mvua zimekatika. Chumba chao kimekauka, mwenye nyumba amekwishapaka chokaa. Nilisema kila mtu na kwake, na sijalifuta neno. Kompyuta wanaondoka nayo kesho. Asubuhi Bilawaya amefunga nyingine, kuukuu, chumba cha nyuma, akaihamishia kanda yangu ya funguo kabla haijakatika. Kisanduku cha taa ya bluu kinabaki. Hakukisahau siku ile, alikiacha. Bado simpendi sana. Lakini nimempa pasi yangu ya kulehemu.

Kabla ya kufunga virago akasema tukague. Spika alizisogeza mwenyewe, akaniwekea kiti changu katikati.

"Funguo, Mama?"

"Funguo."

Sikukitumia kiti. Nilikigeuza kikatazamana na Binti, aliyekuwa ameketi mkekani anakunja shuka. Mkwe akagusa simu. Mimi nilisikia vijiti tu. Nilimtazama mwanangu usoni, nikasubiri, mpaka jicho lake la kushoto likafinya kidogo.

"Punguza kidogo," nikasema.

Akapunguza.